Koti la Njano la Wifi Fusae

Kaka yangu, Tsunehiko Arimura, alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 mjini Hita, mkoa wa Oita, mtoto wa kwanza wa fundi wa viatu vya mbao. Mimi ni Sumie, kitinda mimba wao, na msitarajie nimsifu tu.

Alisoma hapa hapa Hita. Mwaka 1963, siku ya michezo shuleni, Baba alimpa kamera anipige nikikimbia. Picha ikatoka milima mitupu, na mimi sikio moja pembeni. Baba akauliza, "Mdogo wako yuko wapi?" Akajibu, "Yeye alikuwa anapita tu, Baba. Milima ipo." Mwaka 1970 alikwenda Tokyo kusomea upigaji picha, akahitimu 1973.

Kwa zaidi ya miaka arobaini alipiga picha za majarida ya safari: vituo vya reli, nyumba za wageni zenye chemchemi za moto, theluji ya Hokkaido. Wahariri walipenda awepo mtu mmoja aliyeipa kamera mgongo, ili msomaji ajione ndiye aliyesimama pale. Tarehe 8 Oktoba 1978 alimuoa Fusae Kuroki, na tangu hapo mtu huyo akawa yeye, na koti lake la mvua la njano. Nchi nzima imeuona mgongo wa wifi yangu.

"Baba Kaori, na uso wangu je?" Fusae alimuuliza, akimwita kwa jina la binti yao.

"Mwakani, mwanga ukiwa mzuri."

"Mwanga gani tena? Jua lote hili hulioni?"

Tulicheka, lakini lilimuuma wifi. Najua, maana alilia jikoni kwangu.

Mwaka 2016 kaka alianza kuugua ugonjwa wa kutetemeka, kamera zikabaki kabatini. Aprili mwaka huu, akiwa hospitalini, aliomba aletewe moja. Fusae, kwa mazoea, akasimama dirishani akitazama nje.

"Geuka, mke wangu."

Akageuka. Picha ilitoka ukungu mtupu. Kaka, aliyezoea kutupa picha kwa kosa la unywele mmoja, hiyo aliilaza chini ya mto wake. Alifariki kwa nimonia tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 72.

Ameacha mjane, binti yake Kaori, mkwe, wajukuu wawili, na mimi dada yake.

Jana Kaori alitaka kuiweka picha ile ndani ya jeneza. Msimamizi wa mazishi akamzuia: picha ya aliye hai haiwekwi, marehemu atamwita. Fusae akaichukua, akaificha kifuani. Akaweka nyingine, ya ufukwe wa Shiretoko, koti la njano, mgongo mtupu.

"Hii haina uso, hawezi kunivuta," alisema. "Anisubiri tu. Nikifika, nitageuka mwenyewe."

Pumzika kwa amani, kaka. Mwanga wa leo ni mzuri.