Matairi Membamba ya Kuvukia Rostovo

Mbele ya karakana ya Fahro, fundi matairi wa pale Bugojno barabara inapoanza kupanda kuelekea mlimani, kuna benchi ambalo zamani lilikuwa kiti cha nyuma cha basi. Kuanzia katikati ya Novemba, sheria inapowataka madereva wote wavishe magari matairi ya baridi, kiti hicho hakipoi. Wenyewe ni watatu. Švabo, yaani Mjerumani, alifunga milango ya magari kiwandani Stuttgart kwa miaka thelathini na moja, na tangu arudi hajawahi kukosea jambo lolote. Ćiro ni dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa kusimulia. Beba, yaani Mtoto Mchanga, ana kilo mia na thelathini, na leseni yake iliisha muda tangu mwaka juzi. Kahawa huchemkia kwenye birika dogo la shaba juu ya jiko la kuni, na vikombe visivyo na vishikio hupangwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jumanne ile, saa nane mchana, mawingu yalikuwa yamekwisha kukimeza kilele cha Rostovo, na Naida, mwalimu wa kemia, alikuwa amekataa kukaa.

Alikuwa na sababu. Kesho saa mbili kasorobo asubuhi mama yake, Hajrija, alitakiwa awe hospitalini Travnik, ng'ambo ya mlima, kutolewa mtoto wa jicho. Walikuwa wamesubiri siku hiyo miezi kumi na minne, na anayekosa zamu hurudi mwisho wa foleni. Gari la Naida, Golf, lilikufa klachi Jumapili. Basi la kwanza lingewafikisha saa tatu na nusu. Kilichobaki ni BMW ya kaka yake Elvedin, fundi rangi wa majumba huko ughaibuni, Linz, aliyeliacha chini ya turubai tangu Agosti: nguvu za farasi mia tatu na arobaini, zote zikienda kwenye matairi ya nyuma. Na matairi yote manne yalikuwa ya kiangazi.

— Mwalimu, nisikilize, alisema Fahro huku akifuta mikono. Nina njia mbili tu. Ya kwanza ni haya mawili mapya ya baridi, mapana, kipimo chenyewe cha nyuma ya gari hili. Ya mbele hayapo mpaka Alhamisi, yatoke Sarajevo. Ya pili ni yale manne ya baridi pale ukutani. Yametumika, membamba, lakini yana rimu zake, na nimeshapima, zinapita bila kugusa breki. Chagua. Saa kumi nafunga.

— Wewe ungechagua yapi?

— Mimi nafunga matairi, sichagui. Mwaka juzi nilimchagulia mtu, akanilaumu mpaka Idi.

Naida alichuchumaa ukutani. Alitoa rula ya shule kwenye mkoba na kuisimamisha kati ya meno ya tairi la kwanza, kisha la pili, la tatu, la nne. Milimita tano na nusu. Tano na nusu. Tano nukta sita. Tano na nusu. Akasoma na zile tarakimu nne za ubavuni zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: yote manne yalitoka wiki moja, miaka minne iliyopita. Akarudi kwenye yale mapya. Milimita tisa.

— Anapima tena! Beba alicheka. Binti, hizo ni tairi, si suruali.

— Kaa unywe kahawa, mwanangu, alisema Švabo. Jambo lenyewe dogo. Gari hili linasukumwa na nini?

— Matairi ya nyuma, ami.

— Basi livishe nyuma. Mawili mapya nyuma, umemaliza. Yale ya mbele kazi yake ni kufuata tu.

— Ya mbele ni ya kiangazi, ami. Mpira wa kiangazi ukishuka chini ya nyuzi saba za joto unakakamaa, unakuwa kama plastiki. Na kesho alfajiri wametabiri nane chini ya sifuri.

— Unanifundisha mpira mimi? Stuttgart nilikuwa nakula mpira!

— Stuttgart ulikuwa unafunga milango, alisema Ćiro. Mpira ulikuwa unauona kupitia kidirisha cha bwalo la chakula.

— Na wewe ulikuwa unauona wapi? Kwenye vile viatu vya mpira vya marehemu mkeo?

— Mwacheni mke wangu. Naida, mwanangu, shida yako si tairi. Shida ni uzito. Gari lina nguvu nyuma lakini nyuma ni jepesi, linacheza kama mkia wa ng'ombe. Tia mifuko minne ya saruji kwenye buti la gari, halafu hata ukivaa matairi ya kiangazi utapanda Rostovo ukipiga mluzi.

— Saruji! Švabo alishika kichwa. Ikilowa je? Atarudi na nguzo ya daraja kwenye buti. Mchanga, bwana. Mchanga mkavu.

— Mchanga unahamahama kwenye kona. Saruji inatulia.

— Mnitie mimi, alisema Beba. Sihamihami na wala siloi.

Wakacheka wote watatu, benchi likalia. Naida hakucheka. Alitazama mlima, kisha saa. Saa nane na dakika ishirini na tano. Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa mara ya nne tangu adhuhuri.

— Nimesikia Fahro ana yale membamba, Elvedin alisema bila salamu. Usithubutu, dada.

— Nani kakwambia?

— Beba kanitumia picha.

Naida alimgeukia Beba. Beba akainama kwenye kikombe chake.

— Naida, gari lile nimelilipia jasho. Kila nikipita nalo mtaani wanasimama kuliangalia. Ukilivisha matairi ya baiskeli watasema Elvedin kafilisika. Weka mapana. Mawili yatosha, nguvu si ziko nyuma?

— Wewe Linz mbele unaweka nini wakati wa baridi?

— Linz wanamwaga chumvi barabarani, alisema Elvedin, kisha akasema anaitwa kazini.

Naida alirudisha simu mfukoni. Alitembea kutoka gari mpaka ukutani, akarudi, akaenda tena. Fahro alimimina kahawa ya duru ya pili. Ćiro alichovya kipande cha sukari, akakiuma nusu, akaanza.

— Niwaambie. Mwaka themanini na tano, Januari, theluji ilifika hapa. Alionyesha kiunoni. Malori yote yamekwama chini. Mimi siku hiyo nina Golf ya shemeji yangu. Nikageuza gari, nikatia gia ya kurudi nyuma, nikapanda Rostovo nzima kinyumenyume. Kilomita kumi na mbili!

— Juzi zilikuwa nane, alisema Beba.

— Kumi na mbili! Shingo iliniuma mpaka Aprili. Kwa hiyo, mwanangu, ikishindikana kabisa, geuza gari panda kinyumenyume.

— Golf inavutwa na matairi ya mbele, ami Ćiro. Ukiigeuza, uzito wa mlima unalalia yale yanayofanya kazi. Hili linasukumwa na ya nyuma. Nikiligeuza, nitakuwa nimelipunguzia hata kile kidogo lilichokuwa nacho.

Ćiro alifikiri. Ilionekana dhahiri kwamba anafikiri.

— Basi geuza mara mbili, alisema.

— Akigeuza mara mbili si atakuwa vilevile alivyokuwa, we mzee? aliuliza Švabo.

— Ndiyo, lakini atakuwa amepumzika!

— Nyie wote hamjui kitu, alisema Beba akiweka kikombe. Mjomba wangu kule Gornji Vakuf alikuwa na Mercedes ya harusi, injini kubwa, nayo ya kusukumwa nyuma. Unajua alifanya nini? Pekmezi.

— Pekmezi gani? aliuliza Ćiro.

— Pekmezi, bwana! Ile jamu nyeusi ya plamu aliyopika mama yake. Akapaka matairi ya nyuma, nene hivi. Bi harusi alifika kileleni bila hata ua kuanguka kichwani.

— Jamu kwenye baridi ya nyuzi nane chini ya sifuri?

— Ndipo inaponata vizuri!

— Naona ulipaka na wewe, alisema Švabo, maana kwenye benchi hili hubanduki.

Kicheko kililipuka tena, na katikati yake Naida akajihisi amechoka ghafla, kama mtu aliyebishana na redio. Wanaume watatu na kaka mmoja, wote wakisema matairi ya mbele hayana shida. Yeye peke yake na rula. Milimita tisa ni nyingi kuliko tano na nusu. Hilo hata mwanafunzi wake wa nyuma kabisa darasani angekubali. Pengine ni woga tu. Elvedin humwambia kila siku kwamba yeye huogopa hata kabla hajajua anaogopa nini. Saa tisa kasoro dakika kumi. Chembe za kwanza za theluji zilikuwa zimeanza kutua juu ya boneti, bila haraka.

— Haya, ami Fahro, alisema. Weka hayo mawili mapya nyuma.

— Hapo umesema! Švabo alijipiga pajani.

Fahro alisukuma jeki chini ya gari, akainua nyuma, spana ikaanza kulia. Baada ya robo saa matairi mapya, mapana, meusi, yenye vijinywele vya mpira ambavyo havijaguswa na barabara, yalikuwa yamekaa mahali pake. Beba alipiga picha nyingine.

Ndipo Hajrija alipotokea. Alikuwa ameteremka kutoka nyumbani polepole, mkono mmoja ukishika ukuta, mkoba wa hospitali begani ingawa hospitali ilikuwa kesho. Macho yake yalikuwa yamebakiza vivuli tu. Watu aliwatambua kwa sauti.

— Naida? Umeshamaliza? Nilidhani umekwenda bila mimi.

— Nitakwendaje bila wewe, mama? Angalia njia, kuna jeki.

— Dada Hajrija, karibu kahawa! alisema Švabo. Gari lako tayari. Kesho unapaa kama rubani.

— Niruhusuni kwanza nilione.

Akaliona kwa mikono. Aliweka kiganja kwenye tairi la nyuma, akapitisha vidole kwenye meno yake, akalibonyeza kwa kidole gumba.

— Zuri. Laini, lina meno. Hili jipya.

Akatembea akifuata ubavu wa gari, akainama mbele, akaweka kiganja kilekile kwenye tairi la mbele. Mkono ukasimama hapo.

— Hili gumu kama sahani, alisema. Hili mnalibadili saa ngapi?

— Hilo la mbele, dada, kazi yake ni kufuata tu, alisema Švabo.

— Hata tukiwa tunateremka?

Ćiro alimtazama Švabo. Beba alitazama simu yake, ambamo hapakuwa na kitu. Kwa saa nzima walikuwa wameipanda Rostovo kwa saruji, kwa mchanga, kinyumenyume na kwa jamu ya plamu, na hakuna hata mmoja aliyefika kileleni akakumbuka kwamba Travnik iko chini, kwamba kuna kona saba na korongo upande wa kulia, na kwamba mtu akiteremka, matairi ya mbele ndiyo yanayokata kona na kushika breki. Ćiro aliinua birika kujimiminia. Yakatoka machicha matupu.

— Nimeuliza tu, alisema Hajrija. Mimi sijui magari.

Naida alimgeukia Fahro, na hakujua ni kwa hasira au kwa aibu.

— Ami Fahro, yatoe.

— Yapi?

— Yote. Hayo mapya na ya mbele. Weka yale manne membamba.

— Elvedin je? aliuliza Beba kwa sauti ndogo.

— Elvedin mpigie picha.

Fahro alikuwa tayari amepiga goti mbele, tairi la kushoto, na kwa mara ya kwanza mchana ule alikuwa anapiga mluzi. Saa kumi kasoro dakika tano gari lilisimama chini kwa miguu minne inayofanana, likionekana kama bondia aliyevaa raba za watoto. Hakuna aliyecheka. Theluji ilikuwa imefunika lami kiasi cha unene wa kidole.

Naida aliwasha injini, akapanda na gari mpaka juu ya mtaa, akageuza. Kisha akateremka akilielekea benchi, kilomita thelathini kwa saa, na alipofika usawa wa nguzo ya umeme akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Beba aliruka, hakuna aliyejua kwamba Beba anaweza kuruka. Gari lilinguruma chini, likatetema, likasimama likiwa limenyooka.

Naida alitoka. Alirudi mpaka usawa wa nguzo, akatembea tena kuelekea gari akihesabu hatua kwa midomo.

— Kumi na moja, alisema.

— Si umeona! Švabo alijipangusa theluji. Linasimama. Nenda ukalale, mwanangu.

Naida alikuwa amekwisha kufungua mlango wa gari.

— Wapi tena? aliuliza Švabo.

— Kurudia. Mara moja si kipimo. Ami Beba, sogea huko.