Namba ya Mama Dirisha

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa Michezo, mwenyekiti wa klabu, kocha, wazazi mlioketi juani na wazazi mliowahi kivuli, mabibi na mabwana:

Karibu

Sisi wanariadha ishirini na wanne wa uwanja huu tunakusalimu kwa furaha ambayo tangu asubuhi imetushinda kuificha. Mruka viunzi wetu amevaa soksi zisizofanana na hana habari. Mrusha tufe amechana nywele, jambo ambalo hatujaliona tangu ajiunge. Karibu sana, jisikie uko kwako.

Mwenyekiti ametuonya kwamba risala isizidi dakika kumi. Tumesikia. Ila kwenye klabu hii dakika peke yake hazitoshi, lazima zizidishwe kwa ugumu. Dakika kumi za risala tamu, ugumu wake mbili, zinakupa mzigo wa ishirini. Dakika kumi za risala mbovu, ugumu tisa, ni mzigo wa tisini, na kesho yake inabidi upumzishwe. Tutajitahidi tukuache kwenye ishirini.

Tulikotoka

Miaka minne iliyopita tulikuwa tunafanya mazoezi kama watu waliokasirishwa. Aliyetapika ndiye aliyesifiwa. Msimu ule tuliumia watu kumi na mmoja, na siku ya mashindano benchi la wenye bandeji lilikuwa limejaa kuliko mstari wa kuanzia. Kocha akaenda mafunzoni wiki mbili, akarudi na utaratibu mpya: nusu saa baada ya mazoezi, kila mmoja aseme yalikuwa magumu kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi. Namba hiyo izidishwe kwa dakika, na jumla ya wiki ilinganishwe na wiki zilizotangulia, ili mzigo upande kidogo kidogo, usije ukaruka ghafla mtu akaumia.

Kazi ya kukusanya namba alipewa mtunza stoo. Ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini humu ndani ni Mama Dirisha, kwa sababu tunamwona kuanzia kifuani kwenda juu tu, dirishani, nyuma yake mikuki, vijiti vya kupokezana na kamba ya jezi. Aliikubali kazi kwa sharti moja: hakuna namba, hakuna begi. Unaingiza kichwa dirishani, unamnong'oneza namba yako wengine wasisikie, ndipo anakupa begi uende nyumbani.

Hapo tukafanya kosa ambalo tunaomba lisivuke geti hili. Tulidhani ni maksi.

Mgeni rasmi, sote tumesoma shule. Kumi juu ya kumi tunaijua ni kitu gani, hata kama wengine wetu tuliiona kwa mbali. Wiki ile ya kwanza kila kichwa kilichoingia dirishani kilisema kumi. Pacha Mkubwa alikuwa amevimba kifundo cha mguu, akashinda benchini akitupigia makofi, naye akasema kumi. Mama Dirisha akamwuliza, "Kumi ya nini, baba, na wewe ulikuwa umekaa?" Akamjibu, "Nimekaa vizuri, mama."

Kocha alipojumlisha zile namba alidhani ametuua. Alikuja uso umempauka, akatangaza mapumziko ya siku nne. Tulishangilia mpaka barabarani, tukiamini ni zawadi ya kufaulu.

Tulipoelezwa maana yake tukageukia upande wa pili. Sasa kila mtu akawa chuma. Mbili, mama. Moja, mama. Kila mmoja aliogopa kwamba akikiri kuchoka hatapangwa kwenye timu. Mkimbiaji wetu wa mwisho wa mbio za kupokezana vijiti, tunayemwita Treni, alimaliza mizunguko kumi na miwili ya kasi, akasema moja, kisha akakaa chini palepale akashindwa kufungua kamba za viatu. Mama Dirisha aliandika moja kama alivyoambiwa. Halafu akatoa kichwa nje amwone anavyoondoka.

Kutoka dirishani kwenda getini kuna ngazi tatu za kushuka, na njia nyingine hakuna. Mama Dirisha akachora kwenye daftari safu nyembamba isiyo na kichwa cha habari, akawa anaandika humo namna kila mmoja wetu anavyozishuka. Karuka. Kawaida. Ubavuubavu. Kashika ukuta. Hakumwambia mtu, maana alichelea kuambiwa anaingilia kazi za waliosomea.

Tulichovuna

Siku tisa mfululizo Treni alisema moja au mbili, na siku tisa mfululizo pembeni pake paliandikwa "kashika ukuta". Siku ya kumi Mama Dirisha alitoka stoo. Wengine ndiyo kwanza tulijua kwamba ana miguu. Alikatiza uwanja katikati ya mazoezi, kandambili zikilia pa-pa-pa, daftari kifuani, mpaka kwa kocha.

"Kocha, hesabu zenu mimi sizijui," akasema. "Ila huyu mtoto ananidanganya, na ngazi inamsema."

Kocha akasoma ile safu, akafungua kurasa za nyuma, akamwita Treni na kumsimamisha mazoezi papo hapo. Treni alilia, akasusa, akamwita Mama Dirisha mmbea mbele ya watu. Ndiye anayekusomea risala hii, na amekubali sentensi hiyo ibaki. Hospitali walikuta mfupa wa muundi umeanza kupata ufa, na daktari akasema mzigo ule ungeendelea wiki moja tu, mfupa ungekatika kabisa.

Baada ya wiki kumi na mbili Treni alipokea kijiti akiwa wa tatu na akamaliza wa kwanza. Hatutaki kusimulia zaidi kwa sababu tukianza tutapiga kelele, na mwenyekiti ameshaanza kututazama. Kombe lenyewe liko stoo. Mama Dirisha anaweka humo pini za kuanikia jezi.

Msimu uliopita walioumia ni wawili tu, na mmoja wao aliangukiwa na kabati.

Siku hizi tunasema kweli, kwa sababu ukiwa na ngazi tatu mbele yako uongo haukufikishi popote. Tena tumeanza kusema hata tusiyoulizwa. "Saba, mama, ila mazoezi ni nne, hizo tatu ni mtihani wa kesho." "Tisa, mama, mtoto anaota meno, nyumbani hatulali." Yote anaandika, kocha anayasoma, na kesho yake unakuta umepunguziwa mizunguko kabla hujaomba.

Yanayotukwaza

Paa la stoo linavuja. Mvua ikinyesha Mama Dirisha huandika huku amebana mwavuli kwa kidevu, na namba za masika hazisomeki vizuri.

Pili, mafundi wamekuja kupima zile ngazi wakisema ni mbovu, ya tatu imemeguka, kwa hiyo zivunjwe paletwe mteremko laini. Walipima kwa utepe, wakaandika, wakaondoka wameridhika. Sisi hatukuridhika hata kidogo.

Tatu ni saa. Mgeni rasmi, tunakushukuru kutoka moyoni kwa saa ishirini na nne za kupimia mapigo ya moyo ulizotuletea leo. Ni nzuri, na mrusha tufe ameshavaa yake juu ya ile ya zamani. Hatuzisemi vibaya. Ila ile moja ya majaribio iliyotangulia alipewa Treni, na wiki nzima ikaonyesha kwamba analala kwa saa tisa na moyo wake umetulia ajabu. Kocha alimsifu mbele yetu sote. Kumbe akifika nyumbani alikuwa anamvisha bibi yake. Bibi alilala vizuri sana, na tunamtakia aendelee hivyo hivyo. Sentensi hiyo pia amekubali ibaki.

Maombi

Tunaomba paa lizibwe. Tunaomba ngazi zile zisiguswe, na mteremko wa wenye magongo ujengwe upande wa pili wa stoo, mahali pa kutosha papo.

Maombi yaliyoandikwa yaliishia hapo. Kurasa tatu ulizosikia zilinakiliwa na Mama Dirisha, kwa kuwa mwandiko wake ndio unaosomeka klabu nzima. Huu ni ukurasa wa nne. Yeye haujui, na mwandiko ni wa Treni, kwa hiyo utatusamehe tukikwama.

Mama, usiondoke. Pacha Mkubwa, simama getini.

Mgeni rasmi, wiki mbili zilizopita Mama Dirisha alianza kubandika vikaratasi kwenye funguo. "Huu wa kabati la mikuki, sukuma kwanza ndipo uzungushe." "Huu mgumu, usiulazimishe." Mtu anayebaki haandiki maneno hayo. Kisha bahasha ikachungulia kutoka ndani ya daftari, nasi hatukuwa na adabu, tukasoma. Barua inasema kwamba kwa kuwa taarifa za mzigo wa mazoezi sasa zitakusanywa na saa, mtunza stoo anahamishiwa masjala, ghorofa ya pili, kuanzia Jumatatu. Sahihi ni yako.

Saa inajua moyo umepiga mara ngapi. Haijui mtoto anaota meno. Tunazitaka saa, na tunamtaka mama yetu, vyote viwili, na hatuoni aibu kuwa walafi.

Jana baada ya mazoezi tulijipanga dirishani sote. Hatukumwambia namba. Treni aliingiza kichwa akamwuliza, "Na wewe, mama? Wiki hii ngapi juu ya kumi?" Miaka minne tulikuwa hatujawahi kumwuliza, na tuliona haya tulipogundua. Akacheka.

"Mbili tu, baba. Mimi si nimekaa vizuri?"

Akatugawia mabegi, akafunga stoo, akachukua mkoba wake na kuondoka. Tukasimama tumtazame. Ngazi ya kwanza alishuka kawaida. Ya pili alishika ukuta. Kwenye ya tatu, ile iliyomeguka, alisimama, akageuka kulitazama dirisha, na hakushuka mpaka Pacha alipokwenda kumpa mkono.

Daftari tulikuwa nalo sisi. Kwenye safu ya namba tukaandika mbili, kama alivyosema. Kwenye safu nyembamba tukaandika tulichokiona. Kisha tukaifuta ile mbili, tukaandika kumi.

Daftari hilo liko mezani pako, limefunguliwa ukurasa huo, na kalamu iko pembeni.

Mola akupe afya, akulinde safarini, magoti yako yasikusumbue uzeeni, na kila jambo jema unaloliwekea sahihi likazae matunda. Ukiondoka utapita kwenye zile ngazi tatu kama sisi wote, maana njia nyingine hakuna. Tutakuwa dirishani tunatazama.

Ni sisi wanao,
Wanariadha wa Uwanja wa Nyuma, watu ishirini na wanne, na Mama Dirisha wa ishirini na tano.