Bi Sitara na Kitabu cha Wabulgaria

Bi Sitara Rajabu anastaafu tarehe 30 Juni 1982, baada ya kushona miaka kumi na tisa katika ushirika wetu wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Sare za watoto wengi wa mjini zimepita mikononi mwake. Lakini sisi wenzake tutamkumbuka zaidi kwa Wabulgaria.

Mwaka 1978 tuliletewa vitabu vya elimu ya watu wazima. Kimoja kilikuwa riwaya nene kama tofali, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ya wakulima wa Bulgaria walioasi utawala wa Sultani wa Uturuki. Kila aliyekigusa alikirudisha. Sura ya kwanza tu ina akina Todori watatu! Bi Sitara akakichukua, akawa anatusomea baada ya chakula cha mchana. Akawapa majina ya utani: Todori Kinyozi, Todori Mlevi na Todori wa Buguruni. Mambo yakanyooka. Mzee Mbaruku, mpiga pasi wetu, alikuwa upande wa Sultani mpaka askari walipochinja mbuzi wa mjane. Alihama upande palepale, kwa hasira hata akaunguza suruali ya mteja.

Kisha vita vya Kagera vikaanza. Leodegar, mtoto wa mwenzetu Severa, akapelekwa mstari wa mbele. Barua hazikuja. Severa akaacha kula nasi. Alishona vifungo tu. Mchana mmoja Bi Sitara alifika mahali kijana wa mama mmoja anapigwa risasi mtoni. Akafunga kitabu, akasingizia macho.

"Kafa, siyo?" Severa akauliza.

Bi Sitara akaitikia kwa kichwa.

"Soma, dada. Huyo ni wa Bulgaria. Wangu ni wa Magomeni."

Bi Sitara akakifungua tena, akasoma. Severa alilia kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aondoke, nasi tukalia naye. Kesho yake akaleta sahani yake, akakaa kati yetu.

Leodegar alirudi mwishoni mwa 1979, amekonda.

"Shikamoo, Mama Sitara."

"Marahaba, mwanangu. Hebu geuka nikuone vizuri."

Leodegar alikuwapo siku tulipomaliza kitabu. Alikula maandazi yetu yote, akasinzia kabla ya ukurasa wa mwisho. Severa akatukataza kumwamsha.

Asante, Bi Sitara, kwa kazi na kwa sauti yako. Ukapumzike nyumbani kwako Ilala kwa afya na raha. Ukipita Sikukuu, ingia ndani: chai ipo, sukari tutaitafuta.