Kwa Nini Mashine ya Kamera Inazima

Benchi lililo nje ya saluni yangu nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri kunyolewa. Wateja hawalipati. Wamelikalia watu wasio na nywele za kunyoa wala haraka ya kwenda popote. Kuna Mzee Hekima, mlinzi mstaafu, mwenye kipara kinachong'aa kuliko vioo vyangu na methali ambazo hutoka mdomoni mwake bila kuuliza njia. Kuna Volti, anauza taa na nyaya duka la jirani, na kwake yeye hakuna tatizo duniani lisilotokana na umeme, hata ndoa. Na kuna Mama Buli, anayetuuzia kahawa halafu anabaki kuhakikisha maneno hayaishi kabla ya kahawa. Mimi nanyoa mlango ukiwa wazi ili nisipitwe. Alasiri ile akaja Kamera, kijana wetu wa video za harusi, ameikumbatia kompyuta yake kama anampeleka mgonjwa zahanati. Tukaiweka kwenye meza yangu mlangoni, kando ya benchi, tukaiunganisha na televisheni ya wateja, tukakaa kumsikiliza.

VOLTI: Eleza tena, polepole. Inazima vipi?

KAMERA: Nikiandika majina ya wageni, haizimi. Nikikata vipande, haizimi. Nikiiambia sasa kusanya picha na sauti uzifanye video moja, inakwenda kidogo, kioo kinatoa mistari ya rangi, halafu giza.

MAMA BULI: Na ukiiwasha?

KAMERA: Nikiiacha ikapumzika, inawaka kama haikufanya kitu. Nikianza tena ile kazi, yale yale.

HEKIMA: Hiyo ni tabia ya mkwe wangu.

Tulicheka, ila Kamera hakucheka, na alikuwa na sababu. Ndani ya mashine ile kulikuwa na harusi ya binti wa mtaa wa nyuma. Siku ile bibi yake alisimama kumpa wosia, akaongea hadi mshereheshaji akamwashiria amalize, naye bibi akamwashiria mshereheshaji akae. Haukupita muda bibi akafariki. Sauti yake haiko popote pengine. Sasa binti anasafiri kesho asubuhi kumfuata mumewe, mbali, na ameshasema hatapanda gari bila video.

MIMI: Si umpe vipande vivyo hivyo vibichi, ataunganisha huko aendako?

KAMERA: Kaka, sauti ya bibi niliirekodi kando, kwa kinasa kingine. Bila kuunganisha, bibi atakuwa anafumbua mdomo tu. Nimpe mtu marehemu asiyesikika?

Volti akasimama, akapandisha suruali.

VOLTI: Ndiyo maana nikasema ije hapa. Umeme wa kwenu mdogo. Nyaya zenu za kubabaisha. Iwashe hapa uone.

Kamera akaiwasha. Kwenye televisheni yangu ikatokea keki, wapambe wakiwa wameizunguka, na chini mstari mdogo wa kijani ukaanza kujaa. Mashine ikaanza kuvuma. Mteja niliyekuwa namnyoa akaniomba nisogee aone. Keki ikapasuka mistari ya rangi, kisha televisheni ikawa nyeusi.

MIMI: Haya, Volti. Na hapa umeme mdogo?

VOLTI: Nyaya za hapa alifunga nani? Mtu wa kubabaisha huyo.

MIMI: Ulifunga wewe.

Akanywa kahawa. Ilikuwa ya moto, lakini aliinywa.

HEKIMA: Mnapoteza muda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ipigeni kofi.

KAMERA: Mashine, mzee?

HEKIMA: Samaki mkunje angali mbichi.

KAMERA: Lakini hii niliinunua ya mtumba. Ina miaka.

HEKIMA: Basi imeshakauka. Hapo makofi mawili.

MAMA BULI: Acheni kumpiga mgonjwa. Kamera, ilianza lini?

KAMERA: Tangu mvua zianze.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ukimpa Volti neno mvua, umempa kuni.

VOLTI: Si nilisema mimi! Wingu likikaa juu ya nyumba linavuta umeme. Linaunywa. Kwani radi inatoka wapi? Ni umeme wetu huo huo unarudishwa kwa hasira.

MIMI: Leo kuna wingu?

VOLTI: Limeshashiba, limeondoka.

MAMA BULI: Umeme gani bwana. Mimi nilikuwepo harusini, nilimimina kahawa meza zote. Yule mchumba wa zamani, aliyeachwa, alikaa meza ya nyuma kabisa akalia. Si kilio cha furaha kile. Machozi yake yamo humo ndani ya video. Mkate huyo.

KAMERA: Nilishamkata. Bado inazima.

MAMA BULI: Umeona? Umemkata, na bado inazima. Basi ndiye yeye.

HEKIMA: Nyote hamjui kitu. Marehemu haongei ovyo. Mashine inafika zamu ya bibi, inanyamaza kwa heshima.

KAMERA: Mzee, haifiki hata kwa bibi. Inazima watu wako kwenye keki.

HEKIMA: Inajua anakuja.

Sitajifanya nilikuwa na akili kuliko wao. Nilizima mashine yangu ya kunyolea, nikatoka nje na taulo begani, nikawaambia kosa ni rangi. Wapambe walivaa zambarau, ukumbi ulipambwa dhahabu, na keki ilikuwa ya kijani. Mtu mwenyewe ukiangalia macho yanachoka, sembuse kompyuta. Nikashauri harusi itolewe nyeusi na nyeupe. Volti akaitikia kwa kichwa kwa adabu, nikajiona bingwa.

Kamera alikuwa ameinamisha uso mikononi. Mchezo wetu ulikuwa umemchosha, na sisi tulikuwa ndiyo tunapata moto.

Mara binti mwenyewe akatokea, nywele zimesukwa tayari kwa safari.

BINTI: Shikamooni.

Tukaitikia marahaba, kila mtu kwa sauti ndogo kuliko mwenzake.

BINTI: Kaka Kamera, imekwisha?

KAMERA: Bado kidogo tu.

BINTI: Ni kidogo kile kile cha juzi, au hiki kingine?

KAMERA: Dada yangu, nisamehe. Inazima. Hawa wazee wananisaidia kutafuta ugonjwa.

Binti akatazama mezani. Akaizunguka mashine, akaishika shika kama anachagua kitambaa dukani.

BINTI: Samahanini. Hii kompyuta mbona imevaa gauni?

Sikuwaambia mapema kwamba ilikuwa imevaa gauni, na sababu ni kwamba hata mimi nilikuwa siioni tena ile nguo. Sisi wote tulishaizoea kuiona kwao. Lilikuwa gauni kamili la kitambaa kizito, limebana chini kwa mpira, limedariziwa maua mekundu kila upande, na mbele limeachiwa tundu la kitufe cha kuwashia. Mbavuni limeandikwa kwa uzi: KAZI YA MWANANGU.

KAMERA: Alilishona mama.

BINTI: Mama yako? Si haoni?

KAMERA: Anaona mwanga na kivuli, basi. Mimi nilikuwa nimeutoa ubao wa ubavuni ili hewa iingie. Mama akapita, akapapasa, akakuta iko tumbo wazi. Na mvua ndiyo zimeanza, paa letu unalijua. Akasema haiwezekani, kitu kinachotulisha kikae uchi chini ya paa linalovuja. Akashona kwa kupapasa. Vidole vyote vilichomwa sindano. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushika uzi tangu macho yaharibike. Alipomaliza aliimba, dada. Mama yangu, aliimba.

MAMA BULI: Tulimsikia mtaa mzima.

BINTI: Na hulivui ukifanya kazi?

KAMERA: Nitalivuaje? Kila nikikaa, anapita anapapasa kuona kama imevaa vizuri.

Volti akasogea mezani. Akaingiza mkono chini ya gauni, akautoa mbio akiupuliza.

VOLTI: Inaunguza!

MIMI: Inaunguza vipi?

VOLTI: Kama pasi, bwana! Humu ndani mtu anaweza kukaanga yai!

HEKIMA: Dawa ya moto ni moto. Iwekeni juani.

Tulilivua gauni, Kamera mwenyewe akilikunja kwa uangalifu, akaingiza kichwa ndani ya mashine. Akatuonyesha ubao mmoja mnene wenye feni mbili ndogo. Ndiyo kadi ya picha, alisema, inayochora kila kitu unachokiona kwenye kioo. Kazi ikiwa nyepesi, imelala. Kazi ya kutoa video nzima inaibebesha mzigo wote, inapata moto, feni zinaipoza. Ikizidi moto inajizima isiungue.

MIMI: Na feni zenyewe?

KAMERA: Hii inazunguka. Hii…

Akaisukuma kwa kidole. Haikwenda. Shingoni mwake ulikuwa umejiviringisha uzi mwekundu, mrefu, uliovutwa kutoka kwenye ua la gauni. Juu yake kulikuwa na vumbi na manyoya ya kitambaa yaliyogandamana kama sufi.

Nilitazama mashine yangu ya kunyolea. Kila siku nikinyoa vichwa vingi inapata moto, naizima, naipiga brashi, naiacha ipoe, inaendelea. Hiyo kazi naifanya kwa mikono yangu, kisha nikatoka nje kulaumu zambarau. Nilijisikia mjinga, na niliingia ndani kuchukua brashi na koleo dogo la kung'olea nywele.

Kamera akaukata uzi, akauvuta kidogo kidogo. Mimi nikapiga brashi. Volti akapeperusha kwa gazeti. Hekima akashika tochi na kumulika mahali pasipohitajika. Ilipopoa tukaiwasha, feni zote mbili zikazunguka. Keki ikatokea kwenye televisheni, ikakatwa, watu wakalishana. Mstari wa kijani ukasonga, ukapita pale ulipokuwa ukifia, ukaendelea kusonga.

BINTI: Sasa ugonjwa si umekwisha? Mbona umenuna?

KAMERA: Gauni siwezi kuirudishia. Likirudi, kadi itaungua moja kwa moja. Mama nitamwambia nini?

VOLTI: Mwambie umeme umekataa.

MAMA BULI: Mama yule hadanganywi. Alinilea mimi.

KAMERA: Basi mwambie wewe.

MAMA BULI: Nimesema alinilea. Mtu aliyekulea unamwambia nguo yake ndiyo ugonjwa?

HEKIMA: Mwache kinyozi aseme. Yeye kazi yake ni kuwavua watu vitu.

MIMI: Mimi hapa nina wateja.

Nilikuwa na mteja mmoja, amenyolewa upande mmoja, naye alisema hana haraka.

VOLTI: Dada aseme yeye. Anasafiri kesho. Hata mama akikasirika, kesho dada hayupo.

BINTI: Kwa hiyo niondoke nimemliza mama wa mtu?

Mstari ukajaa. Kamera akabonyeza, na bibi akasimama kwenye televisheni yangu, ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili. Binti akaziba mdomo kwa viganja.

“Mjukuu wangu,” bibi alisema, na sauti ikafika hadi barabarani, “unakokwenda utakuta watu hawakujui. Usiwachukie kwa hilo. Hata mimi ulipozaliwa sikuwa nakujua, nilijifunza.”

Binti alilia, na hakuficha. Mama Buli akamshika kiuno. Hata Hekima alivua kofia yake, kipara kikabaki peke yake. Tulisikiliza wosia wote, pamoja na pale bibi anapomwambia mshereheshaji akae, na tulicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Ulipokwisha, tukasikia fimbo ikigonga ukuta wa nje. Alikuwa mama yake Kamera, anakuja taratibu, mkono mmoja ukutani. Kamera akalificha gauni mgongoni kwake, kana kwamba lingeonekana.

MAMA: Nimemsikia marehemu rafiki yangu akiongea. Nimemsikia toka mlangoni kwetu. Kwa hiyo mashine imepona?

KAMERA: Imepona, mama.

MAMA: Na bibi harusi ameipata kazi yake?

BINTI: Nimeipata, mama. Mungu akubariki.

MAMA: Alhamdulillahi. Nilikuwa silali. Nilijiambia, au sikuikaza vizuri chini, baridi inaingia?

Akacheka mwenyewe, kwa furaha, akionyesha meno yake machache. Akaiacha fimbo iegemee benchi, akanyoosha mkono mbele, vidole vimefunguka, akiitafuta meza.

MAMA: Haya, niambieni ukweli, maana nataka kuishonea na televisheni ya kinyozi. Gauni limeisaidia?

Volti akaangalia viatu vyake. Mama Buli akainamisha buli juu ya kikombe, na halikutoa kitu. Mimi nilimtazama Kamera, Kamera akanitazama mimi, na mkono wa mama ulikuwa umeshafika ukingoni mwa meza.

MAMA: Jamani, si nauliza? Limeisaidia, au halikuisaidia?