Stika ya Njano kwenye Sherehe ya Saba ya Kuaga

Mgeni rasmi, Baba mwenye nyumba. Mama mwenye nyumba. Watoto wetu wawili wapendwa. Marafiki wa familia mliokuja leo na mliokuja pia mara sita zilizopita. Mabibi na mabwana:

MAKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa nyumba hii, yaani mpishi, yaya, dobi, mtunza bustani na mlinzi wa geti ambaye ndiye anayewasomea, tunakukaribisha nyumbani kwako. Tunajua si kawaida mtu kuwa mgeni rasmi sebuleni kwake mwenyewe, lakini Mama alituagiza jana: "Andaeni risala fupi, tamu, ya kuliza watu kidogo. Dakika tano tu, gari la uwanja wa ndege linakuja saa nane." Tumetii. Kwenye kuliza watu tutajitahidi.

HISTORIA FUPI

Familia yako ilifika hapa miaka kumi na moja iliyopita ikiwa na masanduku sita. Leo inahamia nchi nyingine, na imeagwa kwa sherehe saba. Ya kwanza ilikuwa ya ofisini. Ya pili ya wazazi wa shuleni, ya tatu ya wacheza tenisi, ya nne ya majirani, na ya tano ya waliokosa zile nne. Ya sita ilikuwa ya kugawa vitu. Ya saba ndiyo hii, nasi hadi sasa hatujaambiwa ni ya nini. Wamo humu ndani waliolia kwenye sherehe ya kwanza, wakakumbatiana mpaka miwani ikadondoka, kisha wiki iliyofuata wakarudi kula.

MAFANIKIO

Mafanikio yapo. Mpishi wetu, ambaye sisi humwita Mzee Mwiko na ninyi humwita Mpishi, ameoka keki saba zenye neno "Kwaheri" bila kukosea hata herufi moja. Dobi ameipiga pasi suti ile ile nyeupe mara saba. Hotuba yako, mgeni rasmi, tunayo yote kichwani. Ukikaribia pale pa "watu wa hapa wametufundisha kuishi," yaya anajua sauti itakukatika, kwa hiyo huwa ameshasimama nyuma yako na boksi la tishu. Hujamwangusha hata siku moja.

Katika hotuba hiyo husema pia kwamba sisi ni familia. Na kweli, ulipofika wakati wa picha ya familia tuliitwa, tukaja mbio huku tunafuta mikono. Mtunza bustani akakabidhiwa kamera apige, na sisi wengine tukaombwa tusogeze viti. Tumeambiwa picha imetoka vizuri.

CHANGAMOTO

Changamoto ni moja, nayo ni ya Mzee Mwiko. Hospitali kubwa imemchagua asimamie jiko lake, wapishi tisa wakiwa chini yake. Kwa mtu aliyekula chakula cha mchana akiwa amesimama kwa miaka kumi na moja, hilo si jambo dogo. Wanachotaka kwake ni barua ya mwajiri, iseme alifanya kazi hapa, tangu lini, na jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mwisho wa kuipokea ni leo saa kumi, na kutoka hapa hadi hospitali ni mwendo wa saa nzima.

Barua hiyo aliiomba kabla ya sherehe ya kwanza. "Nawe Mpishi, haraka ya nini? Tuvuke sherehe kwanza," Mama alimjibu. Sherehe ikavukwa, na ya pili ikavukwa. Kwenye ya tatu akaambiwa printa imeshafungwa kwenye boksi. Kufikia ya nne boksi lilikuwa limefunguliwa, na printa amepewa jirani.

Kisha ikaja ile ya sita. Kila rafiki alipewa stika za rangi yake, azunguke nyumba nzima akibandika anachotaka kuchukua. Friji ikapata nyekundu, makochi yakapata bluu, jiko la gesi likapata njano. Mzee Mwiko alikuwa anapitisha sinia la vitafunio. Rafiki mmoja wa Mama, ambaye leo pia yupo, karibu sana dada, akambandika stika ya njano mgongoni, akasema, "Sasa jiko bila mpishi nitalifanyia nini?" Watu wakacheka, meno yote nje. Nawe mgeni rasmi ulicheka. Dobi alikuona, ulikuwa umesimama pale dirishani. Mama akaongeza, "Umechagua vizuri, huyo hata keki anajua."

Mzee Mwiko alicheka pia, kwa adabu, maana hakujua kinachochekwa. Akaendelea kugawa vinywaji, akaosha vyombo, akapanda basi na stika yake mgongoni. Sisi wenzake tuliiona tukanyamaza, kila mmoja akimwachia mwenzake aseme. Aibu hiyo ni yetu na tumeshamwomba radhi. Aliyeibandua ni binti yake wa mwisho, pale mlangoni kwao. "Baba, mbona umebandikwa kama kabati?"

Kesho yake alikumbusha barua. Tunanukuu jibu la Mama: "Barua ya nini tena? Si umeshapata pa kwenda? Unakwenda pamoja na jiko."

Mgeni rasmi, tumeudhika. Tulitafuta neno la kistaarabu zaidi tukalikosa.

OMBI

Hatuombi friji wala kochi. Barua ipo tayari; yaya ameiandika na kuichapisha steshonari, mistari minne tu. Tulitaka kukuachia nafasi ulijaze mwenyewe jina la Mzee Mwiko, halafu tukakumbuka kwamba hulijui. Tumelijaza sisi, yote matatu.

Tunachoomba ni saini. Mzee mwenyewe ndiye huyo anakuja nayo, kwenye sinia lile lile la keki, na kalamu pembeni. Pa kusaini hutahangaika kupatafuta: amepabandika stika ya njano.

Gari limeshafika, linapiga honi huko nje. Ufunguo wa geti uko mfukoni mwa anayekusomea risala hii. Yeye pia ni familia, kama ulivyosema mwenyewe, na hana haraka yoyote ya kuagana nawe.

HITIMISHO

Tunawaombea safari ya salama, na huko muendako mpate watu wengine wa kuwafundisha kuishi. Mwenyezi Mungu awalinde, awabariki watoto, na kwa sasa hivi akupe wewe, mgeni rasmi, mkono mwepesi.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Nyumba Hii, tusioenda na jiko.