Safu ya Wapitao: Kumuaga Bi. Zuwena Mwinjuma

Mraba, kwa maana inayotumika katika kituo chetu cha mafunzo ya mazingira, ni kipande cha ardhi chenye upande wa mita moja, kilichozungushiwa kamba ya katani inayoshikiliwa na vigingi vinne, ambacho wanafunzi wanne hukiinamia kwa dakika ishirini ili kuandika kila kiumbe hai kilichomo. Si bustani, si kiwanja, wala si mahali pa kuketi, ingawa wageni rasmi watatu wamewahi kuketi humo, na mmoja wao akaulizia soda.

Maana hiyo iliandikwa na Bi. Zuwena Mwinjuma, Mratibu wa Ziara za Mafunzo, anayestaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Katika muda huo amewapeleka watoto wa shule za msingi za Kibaha na Kisarawe kwenye vichaka, mabonde na madimbwi ya kwao wenyewe. Hoja yake haijabadilika: mtoto anayeweza kuorodhesha wanyama wa mbugani bila kukosea, lakini hamjui ndege anayelala juu ya choo cha shule yake, bado hajasoma sayansi, amesoma matangazo.

Alianza mwaka 1992 akiwa na kamba moja na madaftari sita. Ziara ya kwanza, ya kwenda kwenye dimbwi moja huku Pangani ya Kibaha, ilitanguliwa na mkutano ambapo mzazi alisimama na kuuliza, "Hivi porini wanakwenda kujifunza nini, kupotea?" Bi. Zuwena alijibu kwamba kupotea nako kuna kanuni zake, akaongeza somo la dira kwenye ratiba. Watoto arobaini walikwenda, arobaini walirudi. Aliyepotea kwa robo saa ni mwalimu wa zamu.

Ukali wake katika hesabu unajulikana. Kundi moja liliwahi kuandika vyura tisa katika mraba ambao, kwa macho ya wote waliokuwapo, ulikuwa na chura mmoja aliyeruka kamba kutoka na kurudi. Bi. Zuwena alikata tisa, akaandika moja, na pembeni akaweka maelezo: "Huyu ni chura mmoja mwenye shughuli nyingi." Lakini alimtetea mwanafunzi aliyeorodhesha kupe watano waliokuwa kwenye soksi zake mwenyewe, kwa kuwa soksi hizo zilikuwa ndani ya kamba. Mama wa mwanafunzi hakufurahishwa na hoja hiyo. Hoja yenyewe haikuwa na kasoro.

Mwaka 2016 ziara hizi zilikaribia kufutwa. Jongoo aliyesafiri hadi Misugusugu ndani ya mfuko wa shati la mwanafunzi alijitokeza mezani familia ikiwa inakula, na kamati ya wazazi na walimu wa shule tunazozihudumia ikaona sasa imetosha. Iliamuliwa kwamba Ndugu Melkiori, mjumbe mwenye sauti nzito kuliko wote, aifuate ziara moja tu, ya Mzenga, na neno lake liwe la mwisho. Akisema hapana, kamba zingerudi stoo na Bi. Zuwena angehamishiwa masjala, ambako kiumbe hai pekee ni mchwa. Mwanamke huyu, ambaye hajawahi kukiri kuogopa chochote chenye miguu, alikiri kuogopa masjala.

Siku hiyo mambo yalikwenda vizuri kwa dakika nane. Ya tisa ilileta ng'ombe wa Mzee Shija, mfugaji ambaye familia yake ilihamia Mzenga kutoka kaskazini yapata miaka kumi kabla. Mmoja wao alisimama huku miguu yake ya mbele ikiwa ndani ya mraba wa Firdausi, mwanafunzi wa darasa la tano, na ya nyuma ikiwa nje.

"Mwalimu, tumwandike?"

"Yumo au hayumo?"

"Nusu yumo."

"Basi andikeni nusu."

Mzee Shija alifika akiwa na fimbo yake, akawaona watoto wanne wakiandika huku wakimtazama ng'ombe. "Huyu ng'ombe wangu amekosa nini?" aliuliza. Bi. Zuwena alimjibu kwa adabu zote, "Hajakosa kitu, baba. Anaandikwa tu." Jibu baya zaidi ya hilo halikuwapo. Mfugaji yeyote wa Pwani anajua kwamba mifugo inayoandikwa leo ndiyo inayohamishwa kesho.

"Futeni! Leo nusu, kesho mtakuja kumalizia zizi zima!"

Bi. Zuwena alieleza kwamba fomu hujazwa kwa kalamu ya wino, na kilichoonekana hakifutwi. Mzee Shija alieleza kwamba yeye hatoki hapo. Hoja zote mbili zilikuwa thabiti, na Ndugu Melkiori alikuwa tayari ameifungua shajara yake. Ndipo Firdausi alipouliza, "Kwani babu, huyu ng'ombe anakaa hapa au anapita?"

"Anapita!" alisema Mzee Shija. "Tena anapita kabisa!"

Bi. Zuwena alichora mstari wima katikati ya fomu. Upande wa kushoto aliandika Wakazi, na wa kulia Wapitao. Wa kwanza kuingia upande wa kulia alikuwa "ng'ombe, nusu ya mbele."

Ndugu Melkiori alisogea ili aone vurugu hiyo kwa karibu, akavuka kamba bila kuiangalia. Firdausi hakupoteza muda. "Shikamoo, mzee. Tunaomba usisogee, hatujamaliza kukuandika." Aliitikia marahaba, na mtu mzima aliyekwisha kuitikia marahaba hawezi tena kukimbia. Kwa bahati mbaya alikuwa amesimama juu ya njia ya siafu. Alidumu hapo dakika saba, huku wataalamu wanne wakimjadili.

"Anakaa huyu?"

"Anapita, si ana begi?"

"Mbona hasogei?"

"Hasogei, lakini anacheza."

Fomu ilisomeka: "Binadamu, mmoja, mkubwa. Anajikuna. Wapitao." Taarifa ya Ndugu Melkiori kwa kamati ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuandika: "Watoto hawa wanaona. Ziara ziendelee. Siafu wapo." Bi. Zuwena hakwenda masjala, na fomu yenye safu mbili ndiyo inayotumiwa mpaka leo na shule zetu zote.

Ushindi huo, hata hivyo, ulizaa tatizo la kitaalamu. Kila mwezi wa Mei tulipofika Mzenga, ng'ombe wa Mzee Shija walipita, naye akasimama kuhakikisha wameandikwa upande wa kulia. Mwaka 2023 Bi. Zuwena alimweleza kwamba kiumbe anayepita mahali palepale kwa miaka minane, msimu uleule, hawezi tena kuitwa mpita njia.

"Sawa, mwalimu," alisema mzee. "Wewe mwenyewe unakuja hapa mara moja kwa mwaka, unainama, unaondoka. Wewe tukuweke wapi?"

Wenzake tuliokuwapo tunashuhudia kwamba Bi. Zuwena aliinama, akawaandika ng'ombe upande wa kulia kama kawaida.

Tunamshukuru Bi. Zuwena kwa subira yake, kwa kalamu yake isiyofutika, na kwa watoto wengi ambao leo ni wazazi wanaokagua mifuko ya mashati kabla ya kufua. Tunamwombea afya njema, magoti yasiyolalamika na asubuhi nyingi zisizo na ratiba. Katika ziara yake ya mwisho, tarehe 16 Mei, kundi moja la Mzenga lilitaka kumwandika. Aliwaambia waache mstari mmoja mtupu, waujaze akishaondoka. Fomu hiyo iko ofisini, na mstari bado haujajazwa, kwa sababu wenzake tumeshindwa kukubaliana. Mtu aliyepita mahali pamoja kwa miaka thelathini na mitatu, hata watoto wa hapo wakawafahamu kwa majina majirani zao wenye miguu sita, aandikwe upande upi wa fomu?