Noreen Tveit na Madaktari wa Ng'ambo ya Mpaka

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Noreen Tveit anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kwenye dawati la rufaa za watoto la hospitali yetu. Wameniomba niandike mimi. Ni kweli mimi ni mama yake, lakini pia nilifua mashuka ya hospitali hii miaka kumi na tisa, kwa hiyo naandika kama mfanyakazi mwenzake. Nitajaribu kutomsifu kupita kiasi, ila sijui kama nitaweza.

Hapa Montana mabingwa wa watoto ni wachache. Wengi wako Utah na majimbo mengine. Mtoto anayetibiwa kwa bima ya jimbo haonwi na daktari wa huko mpaka daktari huyo asajiliwe kwanza na bima yetu, na usajili huchukua miezi mitatu, hata minne. Noreen akaona hakuna haja ya kusubiri mtoto augue. Akaanza kuwasajili madaktari mapema, mmoja mmoja. Makatibu wao walikuwa wazito kujaza fomu, basi akawa anazituma pamoja na chupa ya jemu ya cheri za porini. Zikarudi haraka. Jemu ilikuwa yangu, hilo liandikwe.

Ofisini walimwita Bibi Fomu. Kila usajili ulipokaribia kwisha muda, aliuhuisha, hata wa Daktari Pell, mpasuaji wa moyo aliyewahi kuja kwetu kiangazi mara tatu kisha akarudi zake Salt Lake, huko Utah. Bosi wake, Wendell, alimtania: mzee huyo harudi tena, au utamhuisha mpaka kaburini? Noreen akabandika stempu kwenye bahasha ya fomu. Ukaidi huo ameutoa kwangu.

Miaka kumi na moja iliyopita akaletwa Maren Kessler, wa miezi minne, midomo imegeuka bluu. Moyo wake ulitakiwa upasuliwe ndani ya wiki mbili, na daktari aliyepangiwa Utah hakuwa amesajiliwa kwetu. Tessa, mama yake, alikaa mbele ya dawati na koti lake mwilini, akisema atamtia mtoto garini aende naye hivyo hivyo. Noreen akampigia simu Pell.

"Hivi mimi bado ni wa Montana?" mzee akauliza. Kumbe karatasi zote alizisaini bila kusoma.

"Mpaka mwaka kesho, daktari. Nakuletea mtoto."

Siku ya sita Maren akapasuliwa, akapona. Tangu hapo Wendell mwenyewe ndiye aliyenunua stempu.

Leo Noreen anaacha madaktari mia mbili na kumi na mmoja wa majimbo manne, hakuna hata mmoja ambaye usajili wake umelala. Hospitali nyingine tatu zilituma watu waje kujifunza kwake. Wenye shahada zao walikaa wakiandika anachosema binti yangu, nami nilipita mlangoni mara nne kuwatazama.

Kuanzia Jumatatu kiti chake anakikalia Tessa Kessler, aliyefundishwa kazi hii mwaka mzima. Noreen anasema hakuhitaji kumweleza kwa nini jina la daktari halifutwi.

Asante, Noreen, kwa niaba ya wote. Uwe na siku ndefu na afya njema, mwanangu. Na simu ya ofisini ikilia, mwache Tessa apokee.